Skripti Isiyojua Kurudi Ilikotoka Isipandishwe Boti

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya mafundi wa kompyuta huku Pwani kuna mafaili ya amri za kompyuta, yaani skripti, hayaishi kuzunguka, hili linaishia .bat, lile .reg, jingine .ps1, na yote yanasifiwa sifa zilezile: ati ukibofya mara moja tu Windows inakuwa nyepesi, apdeti hazimalizi tena bando, flashi za wanafunzi haziingizi virusi, na ile laptopu ya eksi-yukei iliyochoka inarudi ujana. Ukilifungua lile la .bat kwa Notepad unakuta mistari thelathini arobaini hivi na karibu yote inaanza na reg add, yaani kazi yake ni moja, kuingia kwenye rejistri, ghala la mipangilio ya Windows, na kuibadilisha bila kumuuliza mtu. Aliyeliandika hajulikani, tarehe hakuna, na fundi anayelisambaza ukimuuliza mstari fulani unafanya nini anakujibu "wewe iendeshe tu bana, inafanya kazi".

Lamu jambo hili lina uzito wake, na sababu ni bahari. Fundi wa mjini, duka lake liko Mkomani au Langoni, akiitwa na shule ya upande wa Faza au Kizingitini hapandi matatu akafika. Anangoja boti, na boti nayo inangoja maji, manake Mkanda, ule mfereji wa bahari kati ya Manda na bara, ukipwa hakupitiki, mtu anakaa na mkoba wake mpaka maji yajae, na upepo wa kuzi ukivuma sawasawa huo mkoba unafika umelowa. Nauli imelipwa, siku imekwenda, na akifika anakuta mashine ishirini zimepangwa, kila moja inataka kubofywa mambo yaleyale kumi na tano. Kwa hivo fundi kukaa mjini akaandika skripti, akaitia kwenye flashi, akampa abiria anayekwenda, alafu akampigia mwalimu simu kwamba ikifika aichomeke, abofye kulia, aiendeshe kama admini na atie paswedi, hiyo mimi naiona ni akili wala si uvivu.

Tena naongeza: hata fundi akiwa pale pale mbele ya mashine, skripti inamshinda mkono. Mtu akiingia regedit, ile programu ya kuhariri rejistri, kwa mkono, mashine ya kwanza ataifanya vizuri, ya pili vizuri, ikifika ya kumi na mbili jua limeshika, feni inazungusha joto, mwalimu anamletea chai, hapo atairuka moja au ataandika 1 pahala pa 0 na hakuna atakayejua. Skripti ikikosea inakosea sawa kwa zote, na kosa lililo sawa kwa zote linatafutika. Alafu skripti inasomeka. Ulichofanya kwa mkono kwenye regedit kimekwenda na upepo, hakuna ushahidi, hata wewe mwenyewe ukiulizwa mwezi ujao hukumbuki.

Ugomvi wangu uko kwengine. Skripti nyingi zinazopanda boti zinajua kwenda, hazijui kurudi. Zinaandika thamani mpya juu ya ile ya zamani bila kuisoma ya zamani ilikuwa ngapi na bila kuacha karatasi yoyote. Siku jambo limeharibika, anayeweza kulirudisha ni aliyeliandika peke yake, kama anakumbuka, na yeye yuko ng'ambo ya maji.

Ili tuelewane, rejistri yenyewe haina ubaya. Ilianza kiasi kidogo kwenye Windows 3.1 mwaka 1992, ikikumbuka zaidi faili la aina gani lifunguliwe na programu gani, na wakati huo mipangilio mingi ilikuwa kwenye mafaili ya .ini yaliyotapakaa huku na huku, kila programu na lake. Windows NT mwaka 1993 na kisha Windows 95 ndizo zilizoifanya ghala kuu. Leo ukiingia C:\Windows\System32\config utayaona mafaili yenyewe, SYSTEM, SOFTWARE, SAM, SECURITY, hayana mkia wowote, na ndani ya folda ya kila mtumiaji kuna NTUSER.DAT iliyofichwa. Zile HKEY_LOCAL_MACHINE na HKEY_CURRENT_USER unazoziona kwenye regedit ni milango tu ya kuingilia humo. SYSTEM ikiharibika Windows haiwaki kabisa, lakini NTUSER.DAT ya mtu mmoja ikiharibika analia huyo mmoja, wengine wanaendelea na kazi zao.

Sasa tabia moja ya ghala hili ndiyo inayowaponza watu: inapokea chochote. Ukikosea herufi moja kwenye jina la thamani, Windows haisemi "hii siijui", inaiunda hiyo yako mpya, inaihifadhi vizuri, na reg inakuandikia kwamba operesheni imefaulu. Imefaulu kuandika. Kama kuna programu itakayokuja kuisoma au hakuna, hilo halimo kwenye ujumbe. Kuna mtego mdogo hapo nauona kila mara, kwamba reg add usipoiambia /t REG_DWORD inaandika REG_SZ, yaani inahifadhi 1 kama maandishi badala ya namba, na mipangilio mingi inayongoja namba ikikuta maandishi inapita zake. Kwa macho kwenye regedit unaona jina ni lenyewe na 1 ni moja, ukaapa umefanya kila kitu sawa, kumbe aina ndiyo siyo.

Lile neno "imefaulu" ndilo linalouza haya mafaili ya WhatsApp. Mfano mzuri ni mstari wa DisableAntiSpyware, ule wa kuzima Defenda, antivairasi ya Windows. Bado umo kwenye skripti nyingi hadi leo, watu wanakopi na kupesti, na ukiuendesha unakupa jibu tamu kabisa la kufaulu. Lakini Microsoft waliacha kuusikiliza kwenye kompyuta za kawaida tangu Agosti 2020, na kabla ya hapo, 2019, walishaleta kinga ya kuzuia mtu kuichezea Defenda kupitia rejistri. Kwa hivo ule mstari unaandika kitu, hakuna anayekisoma, na fundi anamwambia mteja "nimeizima, sasa itakuwa nyepesi", na mteja anaona kweli imekuwa nyepesi, manake ndiyo kwanza imeristatiwa. (Kuristati peke yake kumewapatia watu wengi riziki katika mji huu.) Hali kadhalika ile NoDriveTypeAutoRun ya 255, ya kuzuia flashi isijiendeshe yenyewe. Ilikuwa na maana kubwa zama za kirusi cha Conficker, mwisho wa 2008, virusi vilipokuwa vikirukia kwenye flashi. Windows 7 ilipokuja ilikuwa imeshaifunga njia hiyo kwa flashi, na Februari 2011 XP na Vista nazo zikapelekewa apdeti ya kufunga vivo hivo. Mstari haudhuru, ubaki tu, ila mtu asije akalipishwa kwa huo.

Mtego mkubwa zaidi, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu shule na saiba zinanaswa humu kila leo, ni HKEY_CURRENT_USER. Jina linasema mtumiaji wa sasa, na fundi anadhani mtumiaji wa sasa ni yule aliyekaa kwenye kiti. Chukua mpangilio mmoja wa maana kweli, HideFileExt, ambao ukiutia 0 mafaili yanaonyesha mikia yake, mtoto akaona kwamba "picha za sherehe" ni picha.jpg.exe asiibofye. Ni kinga rahisi kuliko antivairasi nyingi. Fundi kaiandika skripti, imevuka maji, jioni simu inalia:

"Mwanangu, hii mashine imeniandikia imefaulu, na mafaili bado hayana mikia."

"Mwalimu, umeingia kwa akaunti gani?"

"Ya watoto. Ilipotaka paswedi nikatia ile ulonipa."

Basi imekwisha. Akaunti ya watoto si admini, na hivo ndivyo inavyotakiwa iwe, sasa alipotia paswedi ya admini skripti ikaendeshwa kwa jina la admini, na HKEY_CURRENT_USER iliyoguswa ni ya admini, mtu ambaye haingii kwenye mashine ile hata mara moja kwa muhula. Ya watoto haikuguswa. Lau mwalimu angekuwa ameingia kwa akaunti ambayo yenyewe ni admini, akabofya tu ndio bila kutia paswedi ya mwingine, ingeandika mahala pake, na ndio maana fundi alipoijaribu dukani kwake ilimfanyia kazi vizuri sana. Na ukiiweka skripti hiyohiyo kwenye ratiba ijiendeshe kwa jina la SYSTEM, akaunti ya Windows yenyewe (si lile faili la SYSTEM), itaandika kwenye rejistri ya akaunti hiyo, ambaye si binadamu na hana haja ya kuona mikia ya mafaili.

Dawa yake ipo, ila inataka mtu aliyetulia. Unaweza kuzipakia NTUSER.DAT za watumiaji moja moja kwa reg load chini ya HKEY_USERS, ukaandika humo, alafu ukaishusha kwa reg unload. Ukiandika kwenye ile ya C:\Users\Default utakuwa umewawekea akaunti zitakazoundwa baadaye, zilizopo tayari hazitabadilika, na hilo nalo watu wanalisahau. Na ole wako usahau reg unload, mwenye akaunti akija kuingia anakuta rejistri yake imeshikwa, Windows inampa profaili ya muda, deskitopu tupu, anadhani kazi zake zote zimefutwa. Mwalimu wa watu anaweza kuzimia. Njia ya unyenyekevu zaidi ni kuiacha skripti ijiendeshe pale kila mtu anapoingia kwa akaunti yake mwenyewe, bila uadmini, iandike kwenye HKEY_CURRENT_USER yake, basi. Haivutii kuisimulia kwenye grupu lakini inafika inapotakiwa.

Kuna na lile la biti 32 na 64. Skripti ikizinduliwa na programu ya zamani ya biti 32 juu ya Windows ya 64, ukiandika HKLM\SOFTWARE (HKLM ni HKEY_LOCAL_MACHINE kwa kifupi) unapelekwa kimyakimya WOW6432Node, ukienda kuangalia pale ulipodhani hukuti kitu. Kwa reg unaongeza /reg:64, imekwisha.

Tuje kwenye apdeti, manake hapo ndipo hela ilipo. Nasikia watu wa mijini mikubwa wakiwacheka wanaozima apdeti za Windows, wakisema ni ujinga. Si ujinga. Ukiwa shule nzima inatumia modemu moja yenye bando ya kununua, na mashine ishirini kila moja inashusha zigo lake la megabaiti mamia, bando ya mwezi inakwisha Jumatatu, na mwalimu mkuu anauliza hela imekwenda wapi na hakuna hata mmoja aliyefungua YouTube. Kuizuia ni haki yao. Shida ni kwamba skripti za WhatsApp zinaizuia kwa shoka: NoAutoUpdate 1, huduma ya apdeti, wuauserv, Start 4 yaani izimwe, kwaheri ya kuonana, na hakuna aliyeandika popote siku ya kuifungua.

Gharama ya kuifunga milele inajulikana, haihitaji kubuniwa. Kiraka cha MS17-010, apdeti iliyoziba tundu kwenye SMB, njia ya Windows ya kushirikiana mafaili mtandaoni, kilitoka Machi 2017. WannaCry, kirusi cha kudai fidia, ikaja Mei 12 mwaka huohuo, karibu miezi miwili baadaye, ikafunga mafaili ya watu nchi nyingi na kuzilemaza hospitali Uingereza, na ilizoingia kwa tundu lile ni mashine ambazo kiraka hakikuwa kimewekwa. Wengine walikuwa wanatumia Windows iliyokwisha muda, lakini wengine kiraka kilikuwepo, kinawangoja tu. Kirusi cha namna hiyo kikiingia kwenye chumba chenye mashine ishirini zilizounganishwa hakihitaji mtu abofye kitu, kinapita chenyewe mashine hadi mashine.

Na katikati ya kufungua yote na kufunga yote kuna vitu. Kwenye Windows Pro, chini ya HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate\AU, thamani AUOptions ukiipa 2 mashine inaarifu kuna apdeti na inangoja ruhusa kabla ya kushusha. Haikukatii, haikuibii. Fundi akija na bando yake, au shule ikipata intaneti ya bure wiki moja, wanabofya wanashusha. Na kama ni Wi-Fi, wala usiende kwenye rejistri, kuna komandi ya netsh wlan set profileparameter ambayo unaipa jina la mtandao na cost=Fixed, Windows inajua huu ni mtandao wa kulipia na inajizuia kushusha mengi yenyewe. Mstari mmoja, njia rasmi, na kuurudisha ni kuandika Unrestricted. Kwenye rejistri kuna ufunguo wa kufanya jambo la jirani na hilo, DefaultMediaCost, lakini mmiliki wake ni TrustedInstaller, huduma ya Windows yenyewe, hata admini haruhusiwi kuandika mpaka abadilishe umiliki, na ninavyoona mimi, mlango ukishaona umepigwa kufuli ya namna hiyo na kuna mwengine uko wazi hapo pembeni, unang'ang'ania nini?

Hili liwe swali la kwanza kabla ya skripti yoyote, hili jambo lina njia ya kawaida? Mashine ikiwa inasoma majira ya nchi nyingine, tzutil inatosha, unaipa "E. Africa Standard Time" imemaliza. Rejistri ibaki kwa yale yasiyo na mlango mwengine, na yapo. Windows Home haina kile chombo cha sera cha gpedit, kwa hivo mengine hayaguswi ila kwa huko. Na tangu Windows 10 iishe muda wake Oktoba 14, 2025, mafundi wengi wameikimbilia AllowUpgradesWithUnsupportedTPMOrCPU ili laptopu kuukuu zipande Windows 11. Mimi siwalaumu, ufunguo huo Microsoft wenyewe waliuandika 2021, wakasema inatakiwa angalau chipu ya usalama ya TPM 1.2 na kwamba mashine ya namna hiyo hawaiahidi apdeti. Mradi mwenye mashine aambiwe sentensi hiyo ya mwisho. Mara nyingi haambiwi.

Sasa njoo kwenye kurudi, manake hapa hata mafundi wazuri wanajidanganya. Ukiwauliza wanasema "mimi kwanza na-eksipoti". Vizuri. Reg export inatoa faili la .reg, siku ya shida unaliimpoti, mambo yanarudi. Yanarudi? Kuimpoti faili la .reg ni kuchanganya, hakufuti. Thamani zilizokuwepo zinarudishiwa namba zake za zamani, lakini zile ambazo hazikuwepo kabla na skripti yako ikaziongeza, hizo faili la zamani halizijui, kwa hivo linaziacha hapohapo. Na ukitazama, mipangilio mingi ya sera ni ya namna hiyo, NoAutoUpdate kwa kawaida haipo kabisa kwenye mashine mpya, inaundwa na skripti. Kwa hivo ume-eksipoti, umeimpoti, umeona imefaulu, na apdeti bado zimefungwa. Fundi anasema Windows ina wazimu.

Skripti inayojua kurudi inafanya hivi. Kabla ya kugusa thamani inaisoma. Ikiikuta, inaandika kwenye faili la CSV, jedwali la maandishi matupu, njia yake, jina lake, aina yake na ilikuwa ngapi. Isipoikuta inaandika neno HAIPO. Kisha ndio inabadilisha. Skripti ya pili, ya kurudisha, inasoma CSV hiyo mstari kwa mstari: palipo na namba inaandika namba, palipo na HAIPO inafuta kwa Remove-ItemProperty. Kwa PowerShell, lugha ya skripti iliyomo ndani ya Windows, si mistari mingi. Na jambo moja muhimu, ikiendeshwa mara ya pili isiandike juu ya CSV ya kwanza, manake mara ya pili "ya zamani" itakuwa ni ile uliyoibadilisha wewe mwenyewe, na njia ya nyumbani itakuwa imefutika. Mwalimu ataiendesha mara ya pili, hilo lihesabie. Akiona kimya anabofya tena, nani asiyefanya hivo.

Mwengine atasema Windows ina bakapu yake. Ilikuwa nayo. Folda ya RegBack, ndani ya ile config, zamani ilikuwa inatiwa nakala za rejistri yenyewe kwa yenyewe. Tangu toleo la 1803 la Windows 10, mwaka 2018, Microsoft waliacha, kupunguza nafasi inayoliwa kwenye diski, na ukiingia leo utayakuta mafaili yana majina yaleyale mazuri na ukubwa wake ni sifuri. Unaweza kuirudisha kwa EnablePeriodicBackup, na mimi ningeitia hiyo kwenye kila mashine inayokwenda visiwani. Sistimu Ristoa, ile ya kuirudisha Windows kwenye hali ya nyuma, nayo mara nyingi unaikuta imezimwa, na hata ikiwa imewashwa, Checkpoint-Computer ya PowerShell kwa kawaida haitengenezi nukta mpya ya kurudia kama kuna iliyotengenezwa ndani ya saa 24 zilizopita, kwa hivo skripti yako ya jioni inaweza kuwa inategemea nukta ya asubuhi, kabla mtu mwengine hajapita na mambo yake. Iangalie, usiidhanie.

Na hizi programu za kusafisha rejistri, Microsoft wameshasema hawaziungi mkono. Sitapoteza aya nzima kwazo.

Kuna jambo la mamlaka ambalo mafundi hatupendi kulizungumza. Chukua USBSTOR, dereva ya Windows ya kusoma flashi, Start kutoka 3 kwenda 4. Mashine haisomi tena flashi, kipanya na kibodi vinaendelea, hata simu ikichomekwa kwa waya inaonekana, ila flashi hapana. Kwa saiba ya mjini ambayo watu wanakuja na flashi kuprinti, hiyo ni kufunga duka. Kwa maabara ya shule inaweza kuwa ni busara kubwa. Lakini ni nani ameamua? Kwenye skripti za WhatsApp ameamua mtu asiyejulikana aliyeandika ule mstari kwa mashine zake yeye, huenda za ofisi ya Mumbai au Moscow, na mwalimu wa kisiwa cha Pate anakuja kugundua siku ya kuchapa mitihani, flashi ya mitihani iko mkononi na mashine zote ishirini zinajifanya haziioni. Skripti ya rejistri ni uamuzi, tena uamuzi unaopigwa mara moja kwa watu wengi ambao hawakuwepo chumbani. Kwa hivo nataka kila mstari uwe na maelezo yake juu, kwa Kiswahili cha kawaida, mstari huu unazuia flashi, asiyetaka aufute. Mwalimu hahitaji kujua PowerShell kusoma hivo.

Mbaya kuliko zote ni ule mtindo mpya wa kupewa mstari mmoja wa irm na iex, komandi za PowerShell zinazoshusha skripti kutoka intaneti na kuiendesha papo hapo kwa uadmini. Hapo hata faili la kufungua kwa Notepad huna. Aliye upande wa pili akibadilisha kilichomo kesho, wewe utaendesha cha kesho ukidhani ni cha jana. Sina la kuongeza.

Watu wataniambia hayo yote ni kazi, na kazi ya kuandika skripti ya kurudisha hakuna anayeilipa. Kweli kabisa. Shule inalipa mashine zikiwaka, hailipi CSV. Fundi anayetia mistari arobaini ya kukopi anamaliza kwa dakika, na bei yake ni ileile ya fundi aliyekaa usiku mzima akisoma thamani moja moja, sasa kwa nini yule wa pili ajisumbue? Hapo mimi lawama nazigawa, walimu wakuu na wenye saiba na wenye hoteli za Shela nao wana fungu lao. Fundi akikabidhi kazi mwambieni aendeshe ile ya kurudisha hapohapo kwenye mashine moja, mbele yenu, muone flashi inasomeka tena na apdeti zimefunguka, alafu aifunge upya. CSV ibaki kwenye mashine na nakala ibaki ofisini. Akisema hana ya kurudisha, mashine iliyofanyiwa iwe hiyo moja tu, ikae muhula mzima hivo, na zile kumi na tisa zisiguswe wala hela yake isitoke.